Mke wa Pili wa Njue wa Agano

Ntinyari alikuwa amemwaga unga mara nne kabla ya kutimiza miaka thelathini na tisa, na mara zote nne alisema kwamba huenda ikawa heri. Gazeti la Nairobi lililomwajiri kwanza lilikuwa na kurasa nane za burudani kila Ijumaa. Zikawa nne. Ukabaki mmoja. Mwishowe habari za wasanii zikasukumiwa kando ya fumbo la maneno, na Ntinyari akawaambia wenzake kuwa hapo ni pahali pazuri mno, kwa sababu watu wa kujaza fumbo hukaa na gazeti siku nzima. Wiki iliyofuata fumbo lilibaki, yeye akapigwa kalamu.

Jarida lililomchukua baada ya hapo lilitoka mara tatu. Tovuti ya udaku iliyomchukua baada ya jarida ilifungwa na mwenyewe, aliyegundua kwamba kufuga kuku wa mayai kuna heshima zaidi. Kisha ikaja korona, matamasha yakapigwa marufuku, na kampuni ndogo ya video aliyokuwa akiiandikia ikauza kamera zake zote. Ntinyari akarudi kwao Kianjai, akauza ndizi sokoni miaka miwili. Aliuza vizuri. Mteja alipewa ndizi, chenji, na habari za msanii gani amejenga na nani ameachwa, bila kuongezewa bei.

Mama yake, Karwirwa, mwanamke wa kanisa na wa shamba asiyependa kupoteza maneno, alimwuliza kila Jumapili kama bado anangoja.

"Bado, Mama."

"Unangoja nini haswa?"

Hapo Ntinyari alimwongezea mama chai, akaendelea kungoja kwa bidii. Kuna wanaorithi shamba na kuna wanaorithi kisukari. Yeye alikuwa na matumaini, na hakuna aliyejua yametoka upande gani wa ukoo.

Ndipo redio ikampata. Kilikuwa kituo kidogo mjini Meru, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbegu, na mwenye kituo aliitwa Kailemia, mtu mpole aliyevaa sweta hata wakati wa jua kali. Masafa yake yalifika mpaka upande wa Embu, na kwa kuwa watu wa Meru na wa Embu huelewana nusunusu kila mmoja akishikilia lugha ya nyumbani kwake, Kailemia alitaka saa moja ya Kiswahili. Akampa Ntinyari saa nne hadi saa tano asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, azungumzie waimbaji, wachekeshaji na wacheza ngoma wa huku milimani. Ntinyari aliipenda saa hiyo kama mtu anavyopenda nyumba aliyojijengea mwenyewe, hata ikivuja.

Na ilivuja kweli. Wasikilizaji walikuwepo, ila wafanyabiashara wa kuitangazia bidhaa zao hawakuwepo. Nusu saa kabla yake yalisomwa matangazo ya vifo, na hayo yalijaa mpaka yakamwagika. Mwanzoni mwa Agosti, Kailemia alimwita ofisini, akamkaribisha chai, akafunga mlango.

"Dada yangu, marehemu wanalipa. Wasanii hawalipi."

"Watalipa, boss. Nipe muda."

"Nimekupa mwaka na nusu. Nakuongeza mpaka mwisho wa mwezi. Niletee kitu watu wataongea mpaka sokoni. Ukikosa, hiyo saa naipea watu wa mbolea."

Ntinyari alimaliza chai, akatoka akijiambia kwamba mwezi bado mchanga.

Jumamosi iliyofuata akasafiri hadi Kiambere, kulikotangazwa tamasha la muziki kando ya bwawa. Karatasi zilizobandikwa kwenye kila nguzo zilitaja wasanii kumi na wawili. Alikuja mmoja, na huyo alikuwa amekuja kufunga spika. Ntinyari alimhoji, maana kazi ni kazi, kisha akatafuta bodaboda ya kumrudisha barabara kuu. Hawakuwa wamekwenda mbali alipomwambia mwendeshaji asimame.

Mbele ya boma moja palikuwa na gari la kijani lenye picha ya mume na mke waliokumbatiana. Kila aliyewahi kuhudhuria harusi kati ya Runyenjes na Maua analijua gari hilo. Ni la Njue wa Agano, mwimbaji wa nyimbo za injili kutoka Runyenjes, na mwanamke aliye pichani ni mke wake, Veronicah. Njue alikuwa na wimbo mmoja kuhusu agano la ndoa, ule unaopigwa bibi harusi akiingia kanisani, na wimbo huo ulikuwa umemlisha miaka kumi na minne. Kwenye video yake wawili hao wanatembea katika shamba la majani chai wameshikana mikono, na hawaachani hata njia inapokuwa nyembamba. Makanisa yalimwalika awafundishe watu kukaa na wake zao. Hakupanda jukwaani bila Veronicah.

Siku hiyo Veronicah hakuonekana. Njue alikuwa amesimama nje ya lango lililofungwa, amevaa koti jeusi, kazungukwa na wanaume waliokuwa wakiimba kuomba wafunguliwe. Ndani, akina mama walikuwa wakiimba kuwakatalia. Nyuma ya gari kulikuwa na lori dogo la mbuzi, mitungi ya asali, blanketi jipya ndani ya mfuko wake, na tangi kubwa la maji lililofungwa utepe mwekundu. Ntinyari hakuhitaji kuelezwa, lakini mwandishi wa habari huuliza. Akamwuliza mzee aliyekuwa amesimama kando ya ua akitazama bure.

"Njue ameleta mahari," mzee akasema.

Hapo ndipo angeuliza swali la pili. Kila mtu wa Meru na wa Embu anajua kwamba kuna mahari inayopelekwa hata wajukuu wakiwa shuleni. Ntinyari mwenyewe alikuwa na mjomba aliyepeleka yake akitembelea mkongojo. Lakini mtu mwenye njaa ya habari hamkumbuki mjomba. Alichokumbuka ni kwamba Njue ana mke, ana wimbo, na leo analeta mbuzi kwenye lango la watu.

Lango likafunguliwa, wageni wakaketi. Baada ya muda wakatolewa wanawake watano waliofunikwa leso kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, wakapangwa mstari, na Njue akaambiwa amchague wake. Ni mchezo wa siku zote za mahari, na ole wake atakayemshika shangazi. Njue aliupita mstari mara mbili. Akainama, akatazama miguu ya vumbi mmoja baada ya mwingine, kisha akamshika mkono mwanamke wa tatu. Vigelegele vikapaa mpaka mbuzi wakashtuka. Ntinyari alipiga picha tisa kutoka nje ya ua.

Mwendeshaji bodaboda akapiga honi, ana mteja mwingine. Kilichobaki kilikuwa kufunua leso tu. Ntinyari akaona sura hiyo inaweza kusubiri, na kwamba jina la mke mdogo litakuwa habari nzuri ya Jumanne. Akapanda, akaenda zake.

Hakuwa mzembe, isidhaniwe hivyo. Alimpigia Njue, simu ilikuwa imezimwa. Akampigia Veronicah, nayo imezimwa. Akaamua kwamba mama wa watu yuko chumbani analia, akamwonea huruma ya kweli, na Jumapili baada ya kanisa akaketi kuandika akiwa na huruma hiyo hiyo.

Jumatatu saa nne asubuhi akatangaza kwamba Njue wa Agano ameongeza jiko.

Kufikia saa sita simu za kituo zilikuwa zimejaa. Wanawake wa Runyenjes walipiga kusema walijua tangu zamani. Wanaume walipiga kuuliza mbuzi walikuwa wangapi. Kanisa moja likaahirisha semina ya wanandoa. Kailemia alimnunulia Ntinyari mandazi manne, na yeye mwenyewe hakuonja hata moja. Alasiri akaja na jambo kubwa zaidi: mwenye duka la magodoro pale mjini amesikia, amependa, na yuko tayari kudhamini saa nzima ya burudani kwa mwaka mmoja. Angekuja Alhamisi kuweka sahihi.

"Nilikuambia watalipa, boss," Ntinyari akasema.

"Uliniambia," Kailemia akakubali.

Jioni Njue mwenyewe akapiga. Ntinyari alijiandaa kutukanwa, akaketi kabisa. Lakini Njue hakutukana na hakukana.

"Dada, hiyo maneno iache tu ipoe," alisema kwa sauti ya mtu mwenye jino bovu. "Usiongeze, usipunguze."

Mtu anayekubali kuitwa mwenye wake wawili bila kupiga kelele, Ntinyari aliwaza, basi anao. Akalala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu Agosti ianze.

Asubuhi ya Jumanne mama yake akapiga kutoka Kianjai, na Karwirwa hakuwa mtu wa kupiga simu asubuhi.

"Wewe umesema nini huko kwa redio?"

"Kazi yangu, Mama."

"Kijana wa jirani yetu Gitobu alikuwa anaoa Desemba. Anaoa Lydiah, msichana wa huyo Njue. Gitobu, kama baba, amesimamisha kila kitu. Anasema hajui sasa mbuzi wake watapelekwa kwa mama yupi." Akanyamaza kidogo. "Msichana alikuwa hapa jana, analia kwa jikoni ya Gitobu. Nilimpelekea uji."

Ntinyari hakuwa amejua habari ya Lydiah. Alisema pole, akasema habari ni habari, akasema mambo yatatulia. Mama yake alikuwa amekwisha kata simu kabla ya hilo la tatu.

Alipofika kituoni alikuta mwanamke ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani, viatu vya kanisani miguuni. Alikuwa mnene kidogo kuliko alivyochorwa kwenye gari.

"Wewe ndiye Ntinyari?"

"Ndiyo, Mama Lydiah. Karibu. Pole sana kwa yaliyokupata."

"Asante. Nimekuja kwa ile maneno ya bibi wa pili."

"Hata jina lake bado sijapata, Mama."

"Andika Veronicah. Ni mimi."

Ntinyari akavuta kiti kingine, akaketi. Hakuelewa, na uso wake ulionyesha hivyo.

"Na wa kwanza pia ni mimi," Veronicah akaendelea. "Watu wa kwetu walikuona kwa ua: uliona wanawake wamefunikwa leso, ukaenda. Haraka ya nini? Si ungengoja hata dakika tano uone ni nani ako ndani?"

Akaeleza bila kupandisha sauti. Miaka ishirini na mbili iliyopita Njue hakuwa na gari wala wimbo. Alikuwa na gitaa la nyuzi nne. Veronicah alitoka kwa baba yake, Mzee Nthiga, huko Kiambere, akiwa na mkoba mmoja, akahamia kwa Njue Runyenjes, na kwa Mzee Nthiga hakukuja mtu hata na mbuzi kilema. Kila mwaka walisema mwaka ujao. Wimbo ulipopata umaarufu, ndipo Njue akaogopa zaidi. Angetoka wapi kwenda kutoa mahari, yeye anayefundisha makanisa mambo ya agano? Watu wangeuliza alikuwa akiimba nini muda huo wote. Basi wakakaa hivyo, wakazaa, wakapiga picha kwenye majani chai.

Halafu Lydiah akachumbiwa. Na hapa hapakuwa na njia ya kuzunguka, kwa kuwa mtu ambaye hajatoa mahari ya mama hawezi kuketi kupokea mahari ya mtoto. Mbuzi wa Gitobu wangetua Runyenjes na siku hiyo hiyo wangedaiwa na Kiambere. Kwa hiyo Njue alikusanya alichoweza, wakaenda Jumamosi kimyakimya, watu wachache, simu zote zikazimwa. Veronicah aliingia kwa mlango wa nyuma alfajiri, akafunikwa leso pamoja na mabinti wanne wa dada zake.

"Alinijua kwa miguu," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hao wengine wote ni wasichana. Mimi miguu yangu imepasuka na shamba. Hakukosea."

"Kwa nini Njue hakuniambia, nilipoongea naye jana?"

"Ako na aibu. Afadhali aitwe mtu wa mabibi wawili kuliko aitwe mtu amekula mahari ya watu. Kwa wanaume hiyo ya kwanza si tusi sana."

Ntinyari alisikia joto la aibu likimpanda shingoni mpaka masikioni. Alikuwa amekosea mara nyingi katika kazi hii; aliwahi kuandika kwamba mchekeshaji fulani ana pacha. Lakini hakuwahi kukosea mbele ya mtu aliyeketi na mkoba mapajani akimtazama.

"Leo nitasema tulikosea," akasema. "Nitasema Njue hana mke wa pili. Yaishe."

"Hapana. Hiyo ni ya Njue. Na yangu?"

"Yako ipi, Mama?"

Veronicah alifungua mkoba, akaufunga tena.

"Dada zangu wote walitolewa mahari. Mimi nikienda nyumbani kukiwa na matanga, nilikuwa nakaa kwa jikoni na majirani, kwa sababu haijulikani mimi ni bibi ya nani. Miaka ishirini na mbili. Hata nikiwa kwa ile gari nimechorwa. Jumamosi baba yangu alinishika kichwa mbele ya watu, akaniombea. Ako na miaka themanini na tatu. Jumatatu niliskia unasema Njue ametoa mahari, nikaacha kuosha vyombo. Nikasema leo nitasikia jina langu, hata kama ni kwa ubaya. Sasa wewe hiyo siku yangu ukapea mwanamke hayuko."

Hakulia. Ingekuwa rahisi zaidi kama angelia, maana kwa hilo Ntinyari alikuwa na leso ya karatasi mfukoni.

"Unataka niseme nini?"

"Isomwe yote, na majina. Vile mnasoma ya wafu. Hiyo ndiyo watu husikiza. Kesho, si leo, kwa sababu leo nataka kushuka Kiambere nikae na mzee tukisikiza pamoja."

"Na Njue?"

"Njue atazoea."

Kailemia alisikiliza habari yote akiwa amefumba macho, kama mtu anayeng'olewa jino na daktari rafiki yake. Alipoyafumbua alizungumza kwa upole.

"Redio haiombi msamaha. Redio inafafanua. Sema kuna maswali yameibuka, tunafuatilia. Watu wakae wakingoja. Mtu wa magodoro anakuja keshokutwa, anataka hiyo moto ikiwaka."

"Boss, hakuna bibi wa pili."

"Hata mimi nimeelewa. Lakini ukisoma hiyo tangazo ya Mama Lydiah, tutachekwa, na yeye atapeleka magodoro yake kwingine. Sina pesa ya kukuweka hapo bila yeye. Ukisoma, Alhamisi saa nne ni mbolea. Sikasiriki. Nakuambia tu."

Ntinyari alirudi kwenye chumba alichopanga, akapika ugali, hakuula. Aliogopa. Soko la ndizi la Kianjai alilijua vizuri, na wenye ndizi walikuwa bado wamemhifadhia nafasi, jambo lililomuudhi. Alitafuta namna ya kusema ukweli nusu na kubakisha saa yake yote, akaandika karatasi tatu, zote zikasomeka vizuri na zote zilikuwa za kipuuzi. Miaka kumi na sita ya kufungiwa milango alikuwa ameivumilia kwa kuamini jambo moja tu, kwamba mahali fulani kuna mtu anasikiliza. Sasa alikuwa amemwona mtu huyo kwa macho, ameacha vyombo kwenye karai ili asikilize, na alichopewa kilikuwa uongo.

Jumatano saa nne akaketi mbele ya kipaza sauti. Hakupiga muziki wa kufungulia. Alisalimu, akasubiri kidogo kama wanavyosubiri wasomaji wa vifo, kisha akasoma polepole.

"Familia ya Mzee Nthiga wa Kiambere inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki, walio karibu na walio mbali, kwamba binti yao Veronicah, mama wa Lydiah, alitolewa mahari Jumamosi iliyopita na mume wake Njue, anayejulikana kama Njue wa Agano, wa Runyenjes. Walipokea mbuzi ishirini na sita, asali, blanketi, na tangi la maji ambalo limekwisha wekwa mahali pake. Mzee aliwabariki wote wawili. Wanaojua walichelewa, wajue pia kwamba walifika. Jumatatu kituo hiki kilisema mahari hiyo ni ya mwanamke mwingine. Hakuna mwanamke mwingine. Veronicah ndiye mke wa Njue, wa kwanza na wa pekee. Aliyesema vile ni mimi, Ntinyari. Niliondoka kabla leso haijafunuliwa."

Akasoma mara ya pili, kwa kuwa matangazo ya wafu husomwa mara mbili.

Simu zililia. Wengi walicheka, na Kailemia alikuwa amesema kweli, waliicheka redio kuliko walivyomcheka Njue. Mwanamume mmoja kutoka Runyenjes alisema yeye ana miaka thelathini na mke ambaye hajamtolea hata kuku, akaomba jina lake lisitajwe, kisha akalitaja mwenyewe. Baada yake walipiga wengine wanne. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote alizowahi kuendesha, na mwenye magodoro alipiga saa tano kasorobo kusema kwamba amebadilisha nia.

Kailemia alimpa mkono. Alimpa pia barua ya kumwachisha kazi, ambayo alikuwa ameiandika kwa mkono kwa sababu hakutaka katibu ajue, na mfuko wa mahindi ya mbegu kutoka dukani chini. Ntinyari alimshukuru kwa vyote vitatu. Alishuka ngazi za ghorofa ya tatu akijisemea kwamba huenda ikawa heri, na kwa mara ya kwanza maneno hayo hayakumtoka vizuri. Akaketi kwenye ngazi ya mwisho, mfuko wa mbegu magotini, akalia kidogo, akapangusa uso.

Mama yake akapiga. "Gitobu amecheka mpaka akakaa chini. Desemba iko. Umekula?"

"Bado, Mama."

"Kula." Simu ikakatika.

Kabla hajainuka ikalia tena. Alikuwa Veronicah, kutoka Kiambere, na sauti yake ilikuwa chini.

"Ntinyari, hatujasikia. Mzee alianika betri za redio kwa mabati tangu jana ndio zipate nguvu. Zikashika mpaka pale unasalimia watu, zikakufa. Majirani wanakuja hapa wakituambia ilikuwa mzuri. Mzee bado ameshika redio. Anaulizia kama mnaweza rudia."

Ntinyari alitazama juu ya ngazi. Mlango wa kituo alikuwa ameufunga nyuma yake, na sauti ya mtu akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili, ilisikika kwa mbali.

"Mpe simu," akasema.

Alisikia simu ikipokezwa, kisha pumzi za mtu mzee.

"Baba, unanisikia?"

"Nasikia."

Ntinyari alisimama. Akaweka mfuko chini, akasafisha koo, na pale pale kwenye ngazi, watu wakipita na mifuko ya mbolea mabegani, akaanza mwanzo kabisa, kwa sauti yote ya redio. Akawasalimu wasikilizaji wote popote walipo. Akasubiri. Akasoma familia, akasoma binti, akasoma mume, mbuzi, asali na tangi, akasoma kosa lake na jina lake. Karatasi ilipokwisha akaisoma mara ya pili. Mwanamke aliyekuwa akitoka dukani na debe la mbegu akasimama kumsikiliza, akiwa hajui ni nani amefiwa.

Upande wa pili walisikika mbuzi wakilia.

"Veronicah," mzee akasema hatimaye, na haikujulikana kama anamwita aliye karibu naye au anarudia alichosikia. "Sasa nimesikia. Huyo ni mtoto wangu."

"Ndiyo, baba."

"Umesoma vizuri. Na kesho tukae hapa saa ngapi?"

Ntinyari akafungua mdomo amweleze habari ya mbolea.

"Saa nne, baba," akasema.

Kisha akavuka barabara kwenda kununua kredo ya kupiga simu kesho.